Kabla Hujatia Saini: Barua kwa Mwanangu Aliyeko Houston

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifikia pamoja na rasimu ya mkataba, na nimevisoma vyote viwili kwa utulivu kabla ya kushika kalamu. Wewe na wenzako mnataka kuchukua leseni ya anime tatu za zamani, yaani mifululizo ya katuni kutoka Japani, mziingizie sauti za Kiswahili, kisha muuze haki za kuzionyesha kwa vituo vya televisheni vya huku nyumbani. Wazo hilo nalipenda, wala sikuandikii ili kukuvunja moyo. Lakini kazi yangu ya miaka mingi imekuwa kusoma mikataba, na nikikaa kimya juu ya huu nitakuwa sijakutendea haki. Katika biashara hii mwenye leseni hamiliki chochote isipokuwa maneno yaliyomo katika mkataba wake. Makampuni makubwa kuliko lenu yameanguka huku watazamaji wakiwa bado wanazipenda anime zao, kwa sababu ya fedha zilizolipwa mapema kupita kiasi, makato yasiyoelezwa vizuri, na vifungu vya kuvunja mkataba ambavyo kila upande uliviona kwa jicho lake.

Kwa kuwa unaishi Houston, nianze na kampuni ya mji huo. A.D. Vision, iliyojulikana zaidi kama ADV Films, ilianzishwa mwaka 1992 na John Ledford pamoja na Matt Greenfield, na ndiyo iliyowafikishia Wamarekani anime ya Neon Genesis Evangelion. Ilikua hadi ikawa na chaneli yake ya televisheni na jarida la Newtype USA. Katika miaka ya neema ya DVD, diski moja yenye sehemu tatu au nne hivi iliuzwa kwa karibu dola 30, na watu walinunua. Kwa sababu hiyo makampuni ya Marekani yalishindana kuwalipa Wajapani malipo ya awali, yaani fedha ambazo mwenye haki huzipokea mwanzoni na harudishi hata senti moja kazi isipouzika, na ushindani huo ukapandisha bei.

Mambo yakaharibika kutokea upande wa maduka. Januari 2006 kampuni ya Musicland, iliyokuwa na maduka ya Suncoast na Sam Goody, iliomba hifadhi ya ufilisi. Msambazaji wa diski hupeleka mzigo dukani kwanza na kulipwa baadaye, hivyo duka likifa, mauzo yaliyokwisha kuandikwa vitabuni hugeuka deni lisilolipika. Mwaka huohuo kampuni ya Kijapani ya Sojitz ilinunua asilimia 20 ya hisa za ADV, na mtaji huo uliiwezesha kuchukua leseni nyingi zaidi wakati soko lenyewe lilikuwa limeanza kusinyaa. Mwanzoni mwa 2008 majina mengi ya anime yalitoweka katika orodha zake, na Julai mwaka huo ikatangazwa kwamba zaidi ya 30 kati ya hayo yamehamia kwa mshindani wake, Funimation. Mwaka 2009 ADV ilifunga shughuli na mali zake zikagawiwa makampuni mengine. Mwaka 2011 Funimation iliyashtaki makampuni hayo pamoja na ADV yenyewe, ikidai dola milioni 8.

Kesi hiyo ilileta hadharani bei ambazo kwa kawaida hufichwa sana. Angalia moja tu: Kurau Phantom Memory, mfululizo wa sehemu 24, uligharimu dola 960,000 za leseni, sawa na dola 40,000 kwa kila sehemu. Chukua karatasi upige hesabu. Hata tuseme kampuni ilibakiwa na dola 10 safi kwa kila diski, ingelazimika kuuza diski 96,000 ili kurudisha bei ya leseni peke yake, bila kuhesabu waigizaji wa sauti, watafsiri, matangazo na mishahara. Mfululizo wenyewe haukuwa mbaya. Ni bei iliyouua. Rasimu yako ina malipo ya awali pia, na sijaona popote katika barua yako hesabu ya namna hii. Ifanyeni kabla ya jambo jingine lolote, kwa bei ambayo vituo vya huku hulipa kweli.

Sasa nikueleze kesi ambayo ningependa uisome mpaka uielewe, kwa sababu ndani yake mshindi naye hakupona. Kampuni ya 4Kids Entertainment ya New York ilitajirika kwa anime ya Pokémon, na mwaka 2001 ikaanza kuionyesha Marekani anime nyingine, Yu-Gi-Oh!, kwa leseni iliyohusu nchi za nje ya Asia. Baada ya Pokémon kuondoka mikononi mwake, Yu-Gi-Oh! ikawa ndiyo nguzo ya nyumba. Wenye haki, yaani kituo cha TV Tokyo na kampuni ya Nihon Ad Systems, walifanya ukaguzi wa hesabu mwaka 2010, nao wakadai kwamba 4Kids imekata fedha isizoruhusiwa kukata kabla ya kugawana mapato, na kwamba ilikuwa na mikataba ya pembeni na makampuni mengine ambayo fedha zake hazikuingizwa katika hesabu ya pamoja. 4Kids ilikana, ingawa ililipa dola milioni 1 kwa nia njema ili mazungumzo yaendelee. Machi 2011 wenye haki waliandika barua ya kuvunja mkataba, wakafungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini Manhattan, wakidai karibu dola milioni 5.

Siku chache baadaye, Aprili 2011, 4Kids iliomba hifadhi chini ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani. Sura hiyo huwazuia wadai wasinyang'anye mali wakati mdaiwa anajipanga upya, na mali kubwa ya 4Kids ilikuwa leseni yenyewe. Hivyo swali lililomkabili Jaji Shelley Chapman lilikuwa hili: je, leseni ilikuwa imekwisha kufa kabla ombi la ufilisi halijafika mahakamani, au bado ilikuwa hai? Kama ilikuwa imekufa, hapakuwa na cha kulinda. Ukitazama vizuri, mwanangu, ugomvi wa mamilioni ya dola uliishia kutegemea kifungu kinachoeleza notisi itolewe vipi na mwenye leseni apewe muda gani wa kurekebisha kasoro, kifungu ambacho siku ya kutia saini watu hukipita haraka kwa sababu kila mtu anatabasamu. Mwishoni mwa Desemba 2011 jaji aliamua kwamba mkataba haukuvunjwa ipasavyo. Mwaka 2012 wenye haki wakakubali kuilipa 4Kids dola milioni 8 ili ugomvi uishe.

Je, 4Kids ikasimama tena? Hapana. Kwa muda wote huo ilikuwa ikilipa mawakili wakati biashara imeshikwa, na mwaka huohuo wa 2012 iliuza shughuli zake za Yu-Gi-Oh! kwa Konami, na nyingine kwa kampuni iliyohusiana na Saban. Kilichobaki kilibadilishwa jina kuwa 4Licensing, nacho kikafika kwenye ufilisi tena mwaka 2016. Sisemi kwamba wenye haki walikosea kudai ukaguzi. Mwenye mali ana haki ya kuonyeshwa kila senti, na makato yasiyoandikwa wazi ni wizi hata kama aliyekata hakukusudia kuiba. Ninachotaka ukione ni kwamba kila upande ulikuwa na dai linaloeleweka, na bado kampuni ikafa.

Liko pia suala la nani hasa ana haki ya kukuuzia. Anime nyingi humilikiwa na kamati ya uzalishaji, ambamo kituo cha televisheni, mchapishaji, kampuni ya muziki na mtengenezaji wa vinyago kila mmoja ana fungu lake. Kampuni ya Marekani ya Harmony Gold ilipata leseni ya anime ya Macross kutoka kampuni ya Kijapani ya Tatsunoko katikati ya miaka ya 1980, ikautumia mfululizo huo kutengeneza Robotech. Miaka mingi baadaye mahakama za Tokyo zikaeleza kwamba Tatsunoko ina haki juu ya mfululizo wa kwanza, lakini michoro ya wahusika na mitambo ni ya makampuni mengine, Studio Nue na Big West. Kwa sababu ya mgawanyiko huo, kazi nyingi za baadaye za Macross hazikuweza kutolewa kihalali katika nchi nyingi hadi Big West na Harmony Gold zilipopatana mwaka 2021. Na anime ya Candy Candy, iliyopendwa na watoto wa nchi nyingi, ilizuiliwa na mzozo kati ya mwandishi wa hadithi na mchoraji wake, uliofikishwa hadi Mahakama ya Juu ya Japani mwaka 2001.

Nikirudi kwenye rasimu yako, mambo matatu yananikosesha raha. Kwanza, anime zote tatu zimefungwa katika hesabu moja, kwa hiyo hasara ya moja italipwa kwa faida ya nyingine, na mnaweza kuwa na mfululizo unaopendwa Mombasa na Dar es Salaam bila ninyi kupata chochote. Ombeni kila moja iwe na hesabu yake. Pili, makato yameelezwa kwa maneno "gharama za kawaida", na hayo ndiyo maneno yanayozaa kesi. Gharama za kuingiza sauti, kodi ya zuio itakayokatwa huku mkilipwa na kituo, ada ya benki na tarehe ya kubadilishia fedha viandikwe kimoja kimoja. Tatu, sauti za Kiswahili mtakazorekodi kwa fedha zenu zinakuwa mali ya mwenye haki bila malipo siku mkataba unapokwisha. Mpangaji akipiga lipu nyumba ya mtu haondoki na lipu, najua, lakini angalau hukubaliana na mwenye nyumba juu ya kodi kabla hajanunua saruji. Dai fidia, au dai mkataba mrefu zaidi ya ile miaka mitatu iliyoandikwa.

Kuhusu notisi, rasimu inamruhusu mwenye haki kuvunja mkataba "mara moja" akiona kasoro yoyote katika malipo. Hicho msikikubali. Ombeni notisi ya maandishi, siku 30 za kurekebisha, na njia ya usuluhishi kwa kasoro ambayo pande mbili hazikubaliani juu yake. Wakikataa siku 30, msikubali pungufu ya 15. Waombeni pia nakala ya idhini ya kila mwanakamati, na ya mwenye muziki, kwa kila mfululizo. Wakisema hawawezi kuitoa kwa mfululizo mmojawapo, uondoeni huo na bei ipunguzwe.

Tafadhali usiweke dhamana ya gari lako wala ya mshahara wako kwa mkopo huu. Kampuni ikope kwa jina lake. Wakili wa huko Texas mtamhitaji, kwa sababu sheria itakayotumika si ya huku, na gharama yake muiweke ndani ya bajeti tangu sasa. Nitumie marekebisho ya vifungu vya makato na notisi mkishayapata, nami nitavisoma usiku huohuo. Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama ile kazi ya kutafsiri majaribio ya sehemu ya kwanza mmempa mtu anayekijua Kiswahili sawasawa.

Baba yako