Mdogo wangu, chui yule nilimchora mimi

Mdogo wangu,

Simu hupokei. Ujumbe niliokutumia baada ya arobaini ya baba mkubwa umeusoma, alama zinaonekana, jibu hakuna. Basi nakuandikia hapa, maana shemeji aliniambia huwa unapita kusoma. Wengine wakisoma, na wasome.

Kwanza hongera, tena kwa moyo safi. Nilikwenda mwenyewe kwenye ile hoteli nikasimama mapokezi nikaangalia. Pundamilia wamezunguka ukuta mzima kutoka mlangoni mpaka kwenye lifti, na yule ndege wa shingo ndefu yuko kwenye kila kikombe. Rangi zimekaa. Baba mkubwa angefurahi kuona kazi ya mwanawe mahali pa namna ile, yeye ambaye alishawahi kurudishwa getini na picha zake kwapani. Siku hiyo unaikumbuka, ile ndogo uliibeba wewe. Kwa hiyo mtu asije akakwambia kaka yako ana wivu.

Lakini la siku ya arobaini limenikaa kooni, halishuki.

Hitima ilikuwa imekwisha, masinia yametolewa, wazee wako mkekani wanakunywa kahawa. Ukatoa kompyuta yako ukaiweka juu ya stuli ya baba mkubwa, ile yenye matone ya rangi, ambayo tangu azikwe hakuna aliyethubutu hata kuisogeza. Ukasema, "Nataka muone kwamba mzee hajafa." Ukaandika maneno machache tu, chui, usiku, mbalamwezi, na kabla kikombe cha kahawa hakijamzunguka babu, chui wanne wametokea. Watu wakashangilia. Mama mkubwa akajifunika uso kwa khanga akalia. Na mimi nililia, kwa sababu ukitupa jicho mara moja ni mkono wa baba mkubwa kabisa.

Halafu ukaonyesha picha ulizoilisha hiyo akili mnemba yako, zote ulizozipiga stoo usiku, sisi tumelala matangani. Ya kwanza kabisa ilikuwa ile ya chui wa rangi ya chungwa, mkia umejikunja mgongoni. Nikasema kwa sauti ya chini, "Huyo nilimchora mimi." Sikuwa nadai kitu. Ilinitoka tu, jinsi mzazi anavyoita jina la mtoto akimwona kwenye kundi la watu. Ukanigeukia mbele ya wazee wote, ukacheka. "Kaka, wewe si ulikuwa unaiga tu? Hata hii inaiga, tena haichoki."

Wakacheka. Hata mama mkubwa, katikati ya machozi yake, alitabasamu. Nikavaa viatu nikaondoka. Nasikia umewaambia ndugu kwamba niliondoka kwa ajili ya pesa. Pesa gani? Siku ile kampuni iliyonunua michoro ya hotelini ilikuwa haijatajwa na mtu yeyote.

Niliiga, ndiyo. Pale bandani kwa baba mkubwa, tulikochorea, nani hakuiga? Wewe umekua ukizisikia habari hizi kila jioni mpaka ukawa unaziba masikio, lakini naona hazikukaa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeuanzisha mtindo huu wetu, alitoka Tunduru, akapita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akaja Dar es Salaam akawa mtunza bustani. Alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za kupaka baiskeli kwenye vipande vya hadubodi, zile mbao nyembamba, akiuza nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi, wakidhani gari alilopanda ni la majambazi. Miaka minne tu ya kuchora! Kazi ile ingekuwa ya mtu mmoja, ingeingia naye kaburini. Haikuingia kwa sababu walikuwepo akina January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Ajaba Mtalia, waliokaa ubavuni mwake wakatazama na kuiga. Nao wakaigwa. Mpaka wachoraji wanaunda chama chao cha ushirika mwaka 1990, kuna watu waliokuwa wanaishi kwa mtindo wa mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Baba mkubwa mwenyewe alifundishwa na mtu aliyefundishwa. Aliiga, akafa anaitwa fundi.

Sasa nikwambie kuiga kwetu kulivyokuwa, maana muda ule wewe ulikuwa shule na sikulaumu kwa hilo. Mnyama humgusi miezi na miezi. Unakata hadubodi, sentimita sitini kwa sitini, unasugua kingo, unaosha brashi kwa mafuta ya taa mpaka vidole vinachanika. Ndipo unapewa mandharinyuma. Rangi nyepesi katikati, nzito pembeni, na unazikutanisha zikiwa bado mbichi, mkono mwepesi, la sivyo panatokea mstari na ubao unarudi kwako upakwe upya. Unaacha ukauke. Siku nyingine ndipo anakuja mnyama, na nukta zinakuja mwisho.

Nukta ndizo baba mkubwa alizonilizia. Brashi ikitoka kwenye kopo, nukta ya kwanza inakuwa nene, ya pili inapungua, ya tatu inapungua zaidi, halafu unachovya tena. Baba mkubwa alitaka ile nene iangukie begani, zilizobaki zitelemke kuelekea tumboni, hivyo hivyo kila unapochovya, chui mzima. Ndiyo maana chui wake anaonekana ana mwili, ingawa hakuna kivuli popote. Ukitaka kumjua aliyechora, usiangalie macho, fuata nukta uone brashi ilichovywa wapi. Wangu nachovya mapema, hata upofu haunizuii kuwatambua. Chui wako wa kwenye ukuta wa hoteli nimemfuata kutoka bega hadi tumbo, nukta zote zina unene mmoja. Na mkia! Unajua kwa nini mkia wa chui wetu unajikunja mgongoni? Ubao ulikuwa mdogo. Mnyama mrefu, mraba mfupi, mkia uende wapi? Wewe umepewa ukuta ambao chui angenyoosha mikia ishirini, na bado umejikunja. Mkunjo kompyuta imeuona, lakini ubao haijawahi kuushika.

Usinielewe vibaya, kompyuta siipingi. Zile katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo wetu, BBC ilipoanza kuzionyesha mwaka 2010, ni nani alikuita uje utazame? Ulikaa mbele ya skrini ukimtazama twiga anatembea, mdomo wazi, na wiki ile ile ukaanza kushinda kwenye intaneti kafe unachora kwa kipanya. Wote walisema mtoto amepotea. Mimi nilikuwa nakupa hela ya saa moja moja, ile hela ilitoka kwenye tembo wangu. Kwa hiyo hata hiyo kompyuta, mdogo wangu, usije ukadhani uliifikia peke yako.

Tena kwa kuwa umekuwa mkubwa na unaingia kwenye ofisi zenye viyoyozi, nakushauri kama kaka. Usisaini karatasi usiku ule ule unaoletewa. Mteja akisema "tuachie sisi hayo mengine," muulize mengine gani. Usiwafanyie watu wa hoteli kila wanachotaka, ukafika mahali mkono wako haujui tena unachopenda. Najua utanijibu kwamba mimi ndiye niliyechora tembo chini ya Mlima Kilimanjaro mwaka nenda mwaka rudi kwa ajili ya watalii. Ndiyo, nilichora. Mtalii anataka picha inayokunjika iingie kwenye begi, ukaacha hadubodi ukaingia kwenye turubai; anataka Wamasai wekundu wanaruka, unampa Wamasai. Nyumba ilikuwa na watu kumi na moja. Baba mkubwa macho yalishaanza kumsumbua, akikaa kwa chui mmoja wiki nzima, kazi nzuri kabisa, lakini wiki nzima. Nani alikuwa anajaza sufuria? Wale tembo wamelipa ada ya chuo chako cha usanifu, muhula kwa muhula, na hakuna siku nimelisema hilo mbele ya watu mpaka leo. Nimelisema kwa sababu uliniita mwigaji mbele ya watu.

Na ile sahihi kwenye chui wangu. Wateja walikuwa wanaulizia jina la baba mkubwa, basi kazi zilizotoka bandani zikasainiwa jina lake, sote tulikubali. Jioni pesa ikiingia ilikuwa inagawanywa mkekani, fungu la rangi, fungu la nyumba, fungu la aliyechora. Hakuwahi kumdhulumu mtu, hata wa kupaka mandharinyuma alipata chake. Wewe ni mwanawe na mrithi wake, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 naijua, na mtindo kama mtindo haumilikiwi na mtu. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, siendi. Lakini umechukua jina lililokuwa linatulisha sote ukaliuza likamlisha mmoja, na hilo baba yako hakulifanya hata mwaka ule wa njaa.

Nikuulize, ulipozipiga picha zile stoo, ulizigeuza? Nina hakika hukuzigeuza. Nyuma ya kila ubao kuna maandishi ya penseli, mwandiko wake ule wa kulala. Aliandika jina la aliyechora ili asikosee jioni kwenye mgao. Nyuma ya chui wa chungwa kuna jina langu. Nyuma ya wale pundamilia waliopamba mapokezi kuna jina la fundi wetu wa Mbagala, Mungu amrehemu, na watoto wake wapo, wadogo. Yule ndege wa kwenye vikombe ni wa baba mkubwa kweli, huyo ni wenu, sina neno.

Nasikia kampuni inataka mkataba wa pili, wa mapazia na mashuka. Kabla hujasaini, geuza mbao zote uandike majina, ubao kwa ubao, upeleke orodha hiyo kwao iwe sehemu ya mkataba. Wakikataa, wasikupate. Watoto wa Mbagala wapate fungu la baba yao kuanzia ule mkataba wa kwanza, maana pundamilia wameshaning'inia pale na nyie mmeshakula. La chui wangu mpe mama mkubwa, anunulie dawa za presha, nasikia mwezi huu alikaa bila dawa nawe uko mjini hapo hapo.

Ufunguo wa stoo anao yeye. Kuna mbao ambazo maandishi yamefutika kwa unyevu, hizo utanihitaji, nitazisoma kwa nukta. Nitakuja siku yoyote. Ila uniite wewe mwenyewe kwa mdomo wako, usimtume shemeji.

Kaka yako