Kabla Kijana Hajasema "Ni Kweli": Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa miaka 24 kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya hakimu na mshtakiwa, nikisoma mashtaka kwa Kiswahili. Nilikuwa karani wa mahakama huku Pwani ya Kenya mpaka nilipostaafu. Yako maneno ambayo hata nikiamshwa usiku wa manane nitayatoa bila kujikwaa: "Unashtakiwa kwa kosa la kupatikana na dawa za kulevya, kinyume cha kifungu cha 3(1) kikisomwa pamoja na kifungu cha 3(2)(a) cha Sheria ya Mihadarati, Nambari 4 ya mwaka 1994. Unasemaje, ni kweli au si kweli?" Na kijana, macho yake kwenye ndara zake, mara nyingi alijibu: "Ni kweli."

Siku hizi nakaa barazani kwangu baada ya alasiri, na mtaa mzima unajua nilikotoka. Wananiita Bi Karani. Zamani nilidhani wataniletea mambo ya mashamba na talaka. Wanayaleta, lakini maswali ya bangi yameyapita yote. Nikikubali, si naachiliwa leo leo? Nikishikwa, kazi imekwenda? Wakinipima mkojo kazini je? Na cheti cha tabia njema, Bi Karani, kitaonyesha?

Sikuandikii kukuomba uhalalishe bangi. Hilo ni la Bunge, na Marasta nao walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2021 kudai haki ya kuitumia katika ibada yao, kwa hivyo mjadala huo una wenyewe. Mimi moshi wake sitaki uvuke kizingiti changu. Ninayokuandikia ni habari ya msokoto mmoja, kijana aliyeshikwa mara ya kwanza, na mambo yanayompata baadaye ambayo hakimu hakuyaandika popote kwenye hukumu.

Nikupe visa viwili, majina nayaweka mfukoni.

Wa kwanza alikuwa na miaka 23, akifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya ufuoni. Alishikwa Ijumaa magharibi, akalala seli hadi Jumatatu kwa kuwa wikendi mahakama hazikai. Msokoto wenyewe niliuona ulipotolewa kwenye bahasha ya kaki. Haukuzidi urefu wa kijiti cha kiberiti, na ulikuwa umekauka hata karatasi inaanza kufunguka. Mle seli alimkuta mzee wa kazi aliyemfunza sheria kwa dakika mbili: "Kubali upigwe faini uende zako. Ukikataa utaozea rumande." Akakubali. Kusomewa, kujibu na kuhukumiwa hakukumaliza dakika tano. Faini shilingi 10,000 au miezi miwili. Mamake alifungua fundo la leso, akahesabu 4,300, zilizobaki akakimbilia kwa wenzake wa chama cha akiba. Jumatano kijana alikuwa jikoni anamenya viazi, na mama akanishika mkono kunishukuru kama kwamba mimi ndiye niliyemwachilia.

Miezi minane baadaye alipata kazi Doha, kule Qatar, jiko kubwa, mshahara mara tatu ya ule wa hapa. Wakala akataka cheti cha tabia njema, kile cha polisi kinachoonyesha kama mtu amewahi kutiwa hatiani. Akalipa zile shilingi 1,050, akaenda Huduma Centre kuchukuliwa alama za vidole, vidole vyote kumi vikatiwa wino. Cheti kilipotoka, hatia yake ilikuwa mle ndani. Wakala hakusema mengi. Alimrudishia bahasha ya picha za pasipoti, basi.

Wa pili alikuwa mlinzi wa ghala, mwenye mke na mtoto. Yeye alikana, na alikuwa na haki ya kukana, kwa sababu mfuko ulipatikana chini ya kiti cha matatu, wala si mwilini mwake. Hakimu akampa dhamana ya pesa taslimu shilingi 20,000. Kwao hawakuwa nazo. Zilipokamilika kwa kuuza hiki na kukopa kile, alikuwa amekaa rumande siku 17. Aliporudi kazini alikabidhiwa barua langoni, hata ndani hakuingia. Kesi yenyewe baadaye ilianguka.

Aliyekubali amechomwa na cheti, aliyekana amechomwa na kalenda. Nimeyatafakari haya tangu nistaafu, na sioni njia ya tatu ambayo kijana asiye na pesa angeipita akatoka mzima, ila uifungue wewe.

Kalenda ninayoisema iko ndani ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 44(4) kinataja makosa yanayoweza kumfanya mtu afutwe papo hapo, na herufi (f) yahusu mfanyakazi aliyekamatwa kwa kosa la kifungo, kisha ndani ya siku 14 hajatoka kwa dhamana, kwa bondi au kwa njia nyingine ya halali. Angalia vizuri: haiulizi kama ana hatia, inahesabu siku tu. Mwenye 20,000 mfukoni anarudi kazini siku ya pili, na asiyekuwa nazo kibarua chake kinaota nyasi, ilhali shtaka ni lile lile na Katiba, ibara ya 50, inasema wote wawili hawana hatia mpaka ithibitishwe.

Huwaambia hawa vijana kwamba hata hapo mwajiri hana ruhusa ya kumaliza mambo langoni. Kifungu cha 41 kinamtaka amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemtaka, na amsikilize kabla ya kuamua. Kukamatwa hakutoshi peke yake kuwa mwisho wa kazi. Lakini uniambie, mlinzi aliyetoka rumande na deni la 20,000 atampata wapi wakili wa kumpeleka mwajiri Mahakama ya Ajira?

Mkojo nao unawatisha wengi kupita kiasi, na wachache hauwatishi inavyostahili. Herufi (b) ya kifungu hicho hicho yazungumzia mtu aliyelewa wakati wa kazi hata akashindwa kuifanya ipasavyo. Kipimo cha mkojo hakisemi hivyo. Kwa mvutaji wa kila siku, mabaki ya bangi hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya ulevi wenyewe kwisha, kwa hivyo kinachoonekana ni kwamba alivuta, lini hasa hakisemi. Afrika Kusini jambo hili lilifika Mahakama ya Rufaa ya Kazi, na mwaka 2024 mahakama hiyo ilimpa ushindi mwanamke wa kazi ya ofisini aliyefutwa kwa kipimo cha namna hiyo, ilhali alikuwa akivuta nyumbani kwake na hakuwahi kuonekana amelewa kazini. Sisi hatuwezi kuipachika hukumu ile hapa ilivyo, kwani kwao Mahakama ya Katiba ilikwisha kuruhusu matumizi ya faragha tangu 2018, na kwetu bado ni kosa. Na nisiwe mnafiki: mtu anayeendesha kreni bandarini juu ya vichwa vya wenzake, mimi nataka apimwe na nataka awe mkavu. Mmenya viazi ni mwingine.

Sasa turudi kwenye kizimba, maana hapo ndipo neno lako linapoweza kufika.

Bunge liliirekebisha sheria mwaka 2022. Zamani bangi ya kuvuta mwenyewe ilikuwa kifungo cha miaka kumi. Sasa ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Ni nafuu kubwa, ila ina sharti ambalo vijana wengi hawajawahi kulisikia: mshtakiwa ndiye anayepaswa kuiridhisha mahakama kwamba bangi ile ilikuwa ya matumizi yake peke yake. Asiposema, hakuna atakayemsemea, na nje ya sharti hilo miaka huongezeka. Kijana anasimama pale akidhani kunyamaza ndiyo adabu, kumbe kunyamaza kunamgharimu.

Njia ya kusema ipo, tena ya zamani. Tangu mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu wa mtu kukubali kosa: asomewe shtaka kwa lugha anayoielewa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, kiongozi wa mashtaka aeleze yaliyotokea, kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyaongezea. Akipinga jambo la msingi, jibu lake linageuzwa kuwa amekana. Nilikuwa nikitafsiri hatua hii kila siku. Kwenye karatasi inachukua ukurasa. Asubuhi yenye washtakiwa 30 kwenye benchi inabaki "Umeyasikia? Ni sawa?" na kijana anatikisa kichwa. Nami, Mungu anisamehe, kuna siku nilikitafsiri kile kichwa kuwa "ni sawa" nikageukia faili la pili.

Watoto tumewakumbuka. Sheria ya Watoto ya 2022 imewawekea utaratibu wa kutolewa kwenye njia ya mahakama na kupelekwa kwenye ushauri na uangalizi, ili kosa la utotoni lisiwafuate ukubwani. Ila aliyetimiza miaka 18 mwezi uliopita hayumo. Kwa watu wazima, afisi yako ina sera yake ya tangu 2019 inayoruhusu kesi ndogo zimalizwe bila mashtaka, mtu akikiri, akatimiza masharti aliyopewa. Na ibara ya 157(11) ya Katiba inakuamuru uangalie maslahi ya umma na ya haki kila unapotumia mamlaka yako. Huhitaji sheria mpya kwa ninalokuomba.

Naomba waraka, hata wa ukurasa mmoja, kwa viongozi wa mashtaka wote. Useme kwamba mtu aliyeshikwa mara ya kwanza na kiasi cha kuvuta mwenyewe aulizwe juu ya njia hiyo ya nje ya mahakama kabla hajasomewa shtaka, wala isingojewe mpaka familia ilete wakili. Pale ambapo kesi lazima iendelee, kiongozi wa mashtaka asipinge dhamana, na amweleze hakimu kama mshtakiwa ana kazi, ili kiasi kiwekwe kwa kujua kwamba siku 14 zinahesabiwa. Na kwa anayekubali kosa, aulizwe waziwazi, kwa Kiswahili cha mtaani ikibidi: ilikuwa yako ya kuvuta, au ya kuuza? Swali hilo halimalizi hata sekunde kumi.

Kuna jingine ambalo viongozi wa mashtaka wanalijua na hawalitaji. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Adhabu (Penal Code) kinamruhusu hakimu kumwachilia mtu bila adhabu, moja kwa moja au kwa masharti ya hadi miezi 12, akiona kuadhibu hakufai. Nimesikia likiombwa na mawakili kwa ajili ya wateja wenye mawakili. Upande wa Jamhuri ukilitaja siku moja kwa ajili ya mtoto wa mama muuza viazi karai, sitaamini masikio yangu, lakini nitafurahi.

Najua cheti si chako. Kinatolewa na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, nayo inaandika inachokikuta. Ndiyo maana sikuandikia kule. Pasipokuwa na hatia hakuna cha kuchapisha, na hatia huzaliwa au huzuiwa kwenye meza ya mtu wako.

Mtaani wapo watakaosema natetea wavutaji. Waniambie basi kwa nini barabara ile ile aliyoshikiwa kijana wa jikoni ina vibanda vinne vya muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha, mchana kutwa, na ule uliopigwa marufuku hapa Mombasa mwezi Mei 2024 ukarudi baada ya amri ya mahakama. Sisemi zote ziwe sawa. Nasema kijana anayetafuna mashavu yakavimba ataipata Doha, na mwenzake hataipata.

Juzi alikuja barazani mvulana wa miaka 19, anafunzwa ufundi wa friji na AC, fundi wake amemwahidi kazi ya kudumu akimaliza. Ameshikwa na misokoto miwili, yuko nje kwa dhamana ya kituo, na Alhamisi atafikishwa kortini. Aliniuliza lile lile: "Bi Karani, nikikubali si naenda nyumbani?" Nimemwambia asijibu chochote kabla hajaomba kuzungumza na kiongozi wa mashtaka, na nimemwandikia kwenye kikaratasi maneno ya kuomba. Amekikunja akakitia ndani ya jalada la simu.

Nitakuwa benchi la nyuma, Alhamisi saa tatu asubuhi.

Wako kwa heshima,

Karani mstaafu, Mombasa