Risala kwa Mgeni Rasmi: King Kibadeni, sita bila, na mechi zilizobaki vichwani mwa wazee wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa kata na wa serikali ya mtaa,
Wachezaji wetu wa zamani mliotuheshimu kwa kufika,
Wazee wetu, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha jioni ya leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuupokea mwaliko wetu bila kutuzungusha, ingawa tunafahamu kwamba meza yako haikosi mafaili.

Sisi tuliosimama mbele yako ni mashabiki wa zamani wa Simba na Yanga kutoka Kariakoo, Ilala na Magomeni. Tulianza kwa kukutana kwenye kahawa baada ya swala ya alasiri, tukaendelea kwa kuchangiana katika misiba na harusi, na hatimaye tukawa na mfuko, mwenyekiti na katibu kama watu wengine. Mwekundu wa Simba na wa kijani wa Yanga wanakaa benchi moja na wanachangia kiasi kilekile, isipokuwa katibu amelazimika kuuweka utani kuwa ajenda ya mwisho katika kila mkutano, kwa sababu ukitangulia hakuna ajenda nyingine itakayofikiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumekuita kwa ajili ya mchezaji mmoja na mchezo mmoja, na kwa ajili ya ombi linalotokana na hayo mawili. Mchezaji ni Abdallah Kibadeni, ambaye mji huu ulimpa jina la King bila kupiga kura. Mchezo ni ule wa tarehe 19 Julai 1977, pale Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao leo tunauita Uwanja wa Uhuru, siku ambayo Simba iliifunga Yanga mabao sita kwa bila. Kibadeni alifunga matatu, katika dakika ya 10, ya 42 na ya 89. Jumanne Hassan, maarufu kwa jina la Masimenti, alifunga mawili, katika dakika ya 60 na ya 73. Na moja, la dakika ya 20, Selemani Sanga wa Yanga alijifunga mwenyewe. Watani wamekutana mara nyingi mno tangu siku ile, wamepita washambuliaji wa kila aina kutoka kila pembe ya Afrika, na bado hatujamwona mwingine aliyeondoka na mabao matatu katika mechi yao ya ligi.

Dakika hizo hatukuzitoa hewani. Juu ya meza iliyo mbele yako lipo daftari la shule, lile ambalo jalada lake la nyuma lina jedwali la kuzidisha, na ambalo mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi wa cherehani. Lilikuwa mali ya marehemu mzee wetu mmoja aliyekuwa karani, shabiki wa Yanga wa kutupwa, ambaye hakuwahi kwenda uwanjani bila kalamu. Tunakuomba ulifungue kwenye ukurasa tuliouwekea kipande cha kanga. Utaona kikosi cha Yanga upande wa kushoto na cha Simba upande wa kulia, na chini yake mabao kwa mfuatano. Mabao matano ya kwanza yameandikwa kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa kikarani uliosimama wima. Bao la sita limeandikwa kwa wino mwekundu, kwa mkono mwingine kabisa. Mzee aliondoka uwanjani baada ya bao la tano, akarudi nyumbani kwa miguu, na kesho yake jirani yake wa upande wa Msimbazi, yaani Simba, ndiye aliyemalizia ukurasa huo barazani, akiwa ameruhusiwa kuandika jina na dakika tu, pasipo neno lolote la ziada. Familia imetukabidhi daftari hili tulitunze, na tangu tulipokee limekuwa likilala ndani ya sanduku la bati lenye vidonge vya naftalini vya kufukuzia mende, maana hatuna mahali pengine pa kuliweka.

Wanachama wetu wa upande wa Jangwani, yaani Yanga, wametuomba tutende haki, nasi tumekubali. Wanasema, na ni kweli, kwamba Yanga ya mwaka 1977 haikuwa Yanga kamili, kwa kuwa mgogoro wa mwaka uliotangulia uliigawa klabu na kuzaa Pan African, iliyoondoka na wachezaji wengi waliokuwa uti wa mgongo wa timu. Wanakumbusha pia kwamba wao ndio waliotangulia kufunga tano bila, tarehe 1 Juni 1968, wakati Simba ikiitwa Sunderland, siku ambayo Maulid Dilunga alifunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, na Kitwana Manara moja. Na hawasahau kamwe Nyamagana. Tarehe 10 Agosti 1974, pale Mwanza, Simba iliongoza kwa bao la Adam Sabu tangu dakika ya 16, na ilikuwa imebaki kidogo tu mchezo uishe pale Gibson Sembuli aliposawazisha katika dakika ya 87. Kisha katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Mzee mwenzetu aliyesafiri kwa treni kwenda kuushuhudia mchezo huo huusimulia kwa urefu wa safari yenyewe, vituo vyote vikiwemo, na hakuna anayethubutu kumkatisha.

Sunday Manara huyo ndiye tuliyemwita Kompyuta, katika miaka ambayo wengi wetu hatukuwa tumeiona kompyuta kwa macho, na ndiye aliyekwenda kuichezea Heracles ya Uholanzi wakati ambapo safari ya mchezaji wa Kitanzania kwenda Ulaya ilikuwa jambo la kusimuliwa kama muujiza. Katika kikundi chetu hoja ya nani alikuwa zaidi, King au Kompyuta, haijawahi kupata mshindi. Risala hii imemchagua King kwa sababu mwaka huu uandishi umeangukia upande mwekundu. Mwakani mtasikia mengine.

Hata hivyo, Mheshimiwa, kumkumbuka Kibadeni kwa siku moja ya Julai ni kumpunja. Alikuwemo katika Simba ya mwaka 1974 iliyofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti, na miaka kumi na tisa baadaye alikuwa kwenye benchi la ufundi, akiwa kocha wa Simba iliyocheza fainali ya Kombe la CAF. Fainali ile ya 1993 bado inatuuma. Simba ilitoka Abidjan na suluhu ya bila kufungana dhidi ya Stella, jiji zima likawa limekwisha kulibeba kombe kichwani, wapo waliokwisha kununua mbuzi, halafu Boli Zozo akaja kutufunga mawili nyumbani kwetu, mbele ya macho yetu. Jina hilo ukilitaja leo Kariakoo, mtu wa umri wetu ataweka kikombe chini kwanza.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Maana yake ni kwamba sita bila ya 1977, nusu fainali ya 1974, na hata fainali ya 1993 ni mechi zilizoonwa na waliokuwemo uwanjani, zikasikika kwa waliokuwa na redio, kisha zikaisha. Redio ndiyo iliyotulea. Mwaka 1979 Simba ilifungwa nne bila na Mufulira Wanderers hapahapa Dar es Salaam, ikaenda Zambia huku wengi wetu tukiwa tumekwisha kuifanyia matanga, ikashinda tano bila. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ilikwenda Ndola kurudiana na Zambia ikiwa na ushindi mwembamba wa bao moja wa mchezo wa kwanza, ikatanguliwa kufungwa, na Peter Tino akasawazisha dakika za mwisho, tukaenda Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Michezo yote hiyo miwili tuliipata kupitia Radio Tanzania, ukuta mzima wa watu ukiwa umeizunguka redio moja ya betri, na betri zenyewe zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zifike dakika ya tisini. Mwenye redio siku hiyo alikuwa mtu mkubwa kuliko mjumbe wa nyumba kumi. Ilituchukua hadi mwaka 2019 kurudi kwenye fainali hizo, na vijana walioishangilia timu ile kule Misri waliipokea safari hiyo kama jambo jipya, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha la kwanza.

Vijana wetu hatuwalaumu. Wana tano bila ya Simba ya Mei 2012 ndani ya simu zao, wana tano moja ya Yanga ya Novemba 2023, na wanaweza kulirudia kila bao mara wapendavyo na kulisimamisha lilipo. Ukiwaambia habari za Kibadeni wanauliza, kwa adabu kabisa, wapi wataiona. Hapo ndipo mzee anapoanza kusimulia, na hapo ndipo tatizo letu linapoanza pia. Bao la tatu la King, lile la dakika ya 89, tunao wazee watatu waliokuwemo uwanjani siku hiyo, na wote watatu bado wana akili timamu. Mmoja anasema lilikuwa la kichwa. Wa pili anasema lilikuwa la mguu wa kushoto, baada ya kumlaza beki. Wa tatu anasema kipa alikwisha kuudaka mpira ukamponyoka. Kila mmoja yuko tayari kuapa, na kila mmoja anawashangaa wenzake. Marehemu mwenye daftari, ambaye angeweza kutuamulia, wakati huo alikuwa barabarani anarudi nyumbani.

Tusieleweke vibaya, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Hatukuja kudai kwamba zamani kila kitu kilikuwa bora. Mpira ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji aliyewaliza maelfu Jumamosi, Jumatatu alikuwa kazini kama mtu mwingine yeyote, na wapo mashujaa wetu ambao wamezeeka bila chochote zaidi ya majina tuliyowapa. Uwanja ulikuwa na vumbi, ngumi zilipigwa, na timu zilisambaratika kwa migogoro ambayo leo hakuna anayeweza kuieleza vizuri. Mchezaji wa sasa anayelipwa, anayetibiwa na kulala vizuri kabla ya mechi anastahili hayo yote, na wa zamani walistahili pia. Tunachokililia ni kwamba mambo yale yalitokea kweli, katika mji huu, kwa miguu ya watu wa mji huu, na waliobaki kuyathibitisha tunawasindikiza makaburini kila mwaka. Katika orodha yetu ya michango, safu ya rambirambi sasa ni ndefu kuliko ya harusi.

Kwa hiyo tumeazimia kuwarekodi. Tumeanza kwa simu ya katibu, mzee mmoja baada ya mwingine, barazani, na kelele za bodaboda na za muuza kahawa zimo humo ndani ya kila usimulizi. Hatutafuti kuwapatanisha wale watatu wa bao la dakika ya 89. Tunataka maneno ya kila mmoja yabaki kama alivyoyasema, na vijana watakuja kuhukumu wenyewe. Tunaomba utusaidie kupata kinasa sauti cha maana na chumba kimoja, hata kikiwa stoo ya ofisi ya kata, ambamo daftari hili, tiketi zilizochanika, picha zilizokatwa magazetini na sauti hizo vitakaa pakavu na kwa utaratibu. Tunaomba vilevile, kwa nafasi yako, utufungulie mlango wa maktaba ya Shirika la Utangazaji, ambalo lilirithi kanda za Radio Tanzania, ili wazee wetu waruhusiwe kukaa humo na kusikiliza. Ikipatikana sauti ya mtangazaji hata ya dakika chache kutoka mojawapo ya mechi hizi, tutaipiga hapahapa barazani kwa kipaza sauti na majirani watatusamehe.

Kuhusu wachezaji wenyewe tuna ombi fupi, na tumeliweka mwishoni kwa sababu ni zito. Wapo miongoni mwao wanaoumwa na ambao matibabu yao yanategemea kofia inayopitishwa kwenye vijiwe kama hiki chetu. Kofia tutaendelea kuipitisha, lakini haitoshi. Tunaomba utufikishie kwa wahusika pendekezo la kuwakatia bima ya afya wachezaji waliowahi kuitumikia Taifa Stars na klabu zetu katika miaka ya ridhaa, na sisi tuko tayari kusaidia kuwatambua, kwa majina na kwa vikosi, maana daftari linayo.

Baada ya kusema hayo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba upokee nakala ya ukurasa ule wa tarehe 19 Julai 1977, tuliyoitoa kwa rangi ili wino wote wawili uonekane. Wanachama wa Yanga wameomba nakala hiyo isitundikwe ofisini kwako mahali ambapo wageni wataiona, na kikao kimeliridhia ombi lao kwa kura moja.

Tunaomba kuwasilisha.