"Dawa ya ganzi" si kundi la dawa: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga, Wizara ya Afya, Dodoma

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MSTARI WA "DAWA ANAZOTUMIA" KWENYE FOMU YA TATHMINI

Mwaka jana wodini kwetu alilazwa mzee mwenye kisukari. Binti yake alikuja na mfuko wa nailoni uliojaa vibahasha vya khaki visivyoandikwa jina la dawa. Nikamuuliza, hii ya nini? "Ya ganzi ya miguu, sista." Nikaandika hivyo hivyo: dawa ya ganzi. Nyingine, ya kukojoza. Mstari ukajaa, nikageuza ukurasa.

Saa tisa usiku tulimkuta sakafuni, mlangoni mwa choo.

Asubuhi mfamasia alikitambua kidonge cha ganzi: amitriptilini. Ni dawa ya sonona, ingawa kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya neva. Hulewesha usingizi, na mtu akisimama ghafla presha hushuka. Ile ya kukojoza ilikuwa furosemidi, akiimeza jioni. Sisemi dawa ndizo zilizomwangusha. Taa ya korido nayo ilikuwa imeungua. Ila mwenzangu wa zamu, kwa maandishi yangu yale, angejuaje kumwekea kopo la mkojo kando ya kitanda?

Marekani, nyumba za wazee zinazolipwa na Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali, hujaza tathmini iitwayo MDS. Kwenye sehemu N muuguzi hutia alama makundi ya dawa alizotumia mkazi ndani ya siku 7: za sonona, za kuzuia damu kuganda, za kuongeza mkojo, za jamii ya mofini, za kushusha sukari na kadhalika. Kundi hufuata dawa yenyewe, si shida iliyofanya itolewe: trazodoni ikitolewa kwa ajili ya usingizi, inabaki kuwa dawa ya sonona. Tangu Oktoba 2023 kuna pia kisanduku cha pili, kuonyesha kama sababu ya kuitoa imeandikwa. Fomu yenyewe ni ndefu kupita kiasi, wala siiombi yote.

Naomba visanduku vichache tu chini ya mstari wetu, kwa makundi yanayoangusha watu, yanayotoa damu na yanayoshusha sukari. Hatuhitaji kuyabuni: Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu imeshazipanga dawa kwa makundi, na nakala iko kwenye droo ya sista mkuu wetu, mpya kabisa. Na maduka ya dawa yaandike jina juu ya kibahasha.

Wako katika kazi,
Muuguzi, wodi ya wanaume