Barua kwa mdogo wangu ambaye maombi yamemshinda

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, nikauacha, nikaurudia. Unasema tangu tumzike mama mdogo kule Hombolo, ukipiga magoti maneno yanaishia kwenye bati. Kanisani unakwenda, lakini wenzako wakiimba wewe unahesabu mapangaboi. Kwaya umeiaga kwa kisingizio cha kazi. Nakujibu hadharani, jina lako nikilificha, maana najua hauko peke yako. Hapa Dodoma, kuanzia Majengo mpaka kwenye maofisi ya Mtumba, wapo watu ambao wakisalimiwa "Bwana asifiwe" wanaitikia "Amina" kwa mazoea tu, ndani kukiwa usiku mtupu.

Nianze na huyo mtumishi aliyekuambia kwamba giza lako ni laana ya ukoo, na kwamba bila sadaka ya kujimaliza, yaani kutoa kila ulicho nacho, hutafunguliwa. Hela ya ada ya mtoto, lipia ada. Rafiki zake Ayubu nao walikuwa na majibu ya namna hiyo: umepatwa, basi kuna kitu umefanya. Soma sura ya 42 uone Mungu anamkasirikia nani. Anawakasirikia wao wenye majibu. Ayubu, aliyelalamika sura baada ya sura, ndiye anayeambiwa awaombee.

Halafu fungua Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio, ukifika mwishoni unakuta mtu ameshapata nguvu, anasifu. Hii haina hayo. Mtu analia mchana na usiku, anamuuliza Mungu mbona unanificha uso wako, na mstari wa mwisho unamwacha gizani, hana rafiki wala ndugu. Kichwa chake kinasema ni wimbo wa wana wa Kora, nao walikuwa waimbaji. Yaani wanakwaya, mdogo wangu. Watu kama wewe walisimama wakayaimba hayo mbele za Mungu, na hakuna aliyewatoa kwenye kwaya kwa kukosa imani. Kwa hiyo ukikosa maneno yako mwenyewe, soma hayo kwa sauti. Hayo nayo ni maombi, hata kama hujisikii chochote.

Unaikumbuka ile ekari ya zabibu ya mama mdogo, mwaka ulipoingia ugonjwa wa ubwiri unga? Majani yalikuwa kama yamepakwa majivu, punje zinapasuka kabla hazijaiva, mnunuzi anashika kishada kimoja, anasugua kwa kidole gumba, anarudi kwenye gari bila kuaga. Watu wa miji mingine wanaisoma Habakuki 3 kama shairi zuri. Sisi wa huku tunajua maana ya mizabibu isiyo na matunda na mazizi yasiyo na ng'ombe. Nabii anataja hasara moja moja, kisha anasema hata hivyo atamfurahia Bwana. Wahubiri wengi hukimbilia hiyo furaha, na mimi hilo huwa linanikera, maana wanaruka kitu: hakuna mahali pale anaposema zabibu zitarudi. Anabaki na Mungu, shamba likiwa bado tupu.

Wazee wetu wa Ugogo walilipitia giza kubwa kuliko hili letu. Njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, iliwakuta majeshi ya vita yakiwa yameshachukua ng'ombe na nafaka, na wanaume wamebebeshwa mizigo ya upagazi. Kisha mvua ikagoma. Dayosisi ya Central Tanganyika ya Kanisa la Anglikana ilianzishwa 1927, miaka michache tu baada ya hapo. Waliojaza makanisa yale walikuwa watu waliokwisha kuzika watoto. Sidhani kama walikuja kwa sababu mambo yalikuwa yamewanyookea.

Kuna jambo jingine. Umeandika kwamba hulali, na nguo zinakupwaya. Nabii Elia alipojilaza chini ya mti wa mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate, akamwacha alale tena, akamwamsha ale tena. Kwanza mwili. Hapa Dodoma tumeifanya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kuwa neno la utani, mtu akikasirika kidogo tu tunamwambia apelekwe huko, na utani huo unawafanya watu waogope kumwona daktari. Nenda kaonane na daktari. Nitakusindikiza, na hakuna imani itakayopungua kwa hilo.

Kuhusu ufufuo, swali lako la mwisho: ndiyo, ninaamini. Naamini Yesu aliyelia msalabani kwamba ameachwa ndiye aliyetoka kaburini, na kwamba mama mdogo yuko mikononi mwake. Wewe kwa sasa huwezi kulisema hilo bila kujiona mnafiki, basi usilazimishe. Katika Marko 2 kuna mtu aliyepooza, na wanne wakambeba, wakatoboa dari, wakamshusha. Imeandikwa Yesu aliiona imani yao, wale waliombeba. Huyo wa kwenye godoro hatusikii amesema neno. Hapo ndipo ulipo, na sisi wengine tumeshika pembe.

Ijumaa jioni akina mama watatu wa kanisani watapita kwako. Nimewaomba wasihubiri wala wasikemee pepo. Watapika, mtakula, wataomba, na wewe ukitaka kunyamaza nyamaza. Mmoja wao simu yake haishiki chaji, kwa hiyo usingoje kupigiwa. Acha geti wazi kuanzia saa kumi na moja, na unga usinunue, wanakuja nao.

Dada yako