Jicho la upepo

Tanga, 14 Februari

Dada yangu Rehema,

Hujambo mpenzi? Sisi hatujambo, ila joto la mwezi huu halisemeki. Juzi usiku umeme ulikatika, Zuhura akalia mpaka sauti ikamkauka. Nikafungua dirisha la chumbani, upepo wa bahari ukapenya kwenye wavu wa mbu hadi usoni kwake, akanyamaza pale pale. Ndipo nilipokumbuka swali lako: kwa nini Waingereza walitia upepo, "wind", ndani ya "window"?

Si wao walioutia. Ni Waviking, mabaharia wa kaskazini mwa Ulaya waliovamia Uingereza katika karne ya 9, na wengi wakalowea huko. Wao walisema "vindauga": "vindr" ni upepo, "auga" ni jicho. Jicho la upepo, Rehema! Nyumba zao nyingi hazikuwa na vioo. Tundu lilikuwa la hewa na mwanga. Waingereza walikuwa na neno lao, "eagthyrl", yaani tundu la jicho, lakini likafa. Ile "thyrl" ingali hai ndani ya "nostril", tundu la pua.

Neno letu sisi, "dirisha", limetoka Uajemi: "daricha", mlango mdogo. Wareno wanasema "janela", nalo kwa asili yake ya Kilatini ni kijilango vilevile. Kwa hiyo ukimsikia mtangazaji wa mpira akisema dirisha dogo la usajili limefunguliwa, neno limerudi kwao kabisa: wachezaji wanaingia na kutoka hapo.

Jambo lililoniuma ni kodi. Tangu 1696 hadi 1851 Waingereza walitozwa kwa hesabu ya madirisha ya nyumba zao. Watu wakayaziba kwa matofali ili walipe kidogo, na mengine yamezibwa hivyo hadi leo. Nimemwaza mama aliyelala na mtoto wa homa katika chumba cha namna hiyo, hewa hamna, na usingizi ukanipaa.

Fundi anakuja Jumamosi kutoboa dirisha la chumba cha uani. Alitaka kuweka la futi mbili tupunguze gharama ya nondo. Nimemwambia aweke la futi nne, upande wa bahari. Ukija Idi utalala humo.

Mama msalimie sana.

Wako,
Mwanaidi