Mama kanitumia hela ya korosho

Shikamoo Anti. Naandika saa 9 usiku, nisamehe kama nitachanganya mambo, sijapata usingizi na asubuhi kazi inaningoja.

Kwanza naomba usinihukumu kabla hujamaliza kusoma. Mi sio mtoto mbaya. Hela ya macho ya mama nimetoa mimi, kaka yangu anayejifanya kunisema kachangia mdomo tu.

Iko hivi. Mwezi wa 7 mama alikuja Dar kutoka Newala kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, akafikia kwa kaka Mbagala. Siku moja bila hata kunibipu akanifuata ofisini, kapanda daladala mbili mwenyewe na jicho moja bado lina bandeji, kabeba kiroba cha korosho alizobangua kwa mkono wake na ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu. Mama ana zile chale za usoni za wanawake wa Kimakonde wa zamani, na akifungua mdomo ni "ntu", "nchuzi", hapo hapo unajua huyu katokea wapi. Nilikuwa mapokezi na wenzangu, mmoja akaniuliza we nani huyu? Anti, mdomo ukajibu wenyewe, "ni bibi mmoja huwa ananiuzia korosho".

Mama alisikia. Hakushangaa wala nini, akakalisha kiroba chini akasema eee za Newala hizi, tamu. Yule mwenzangu akataka, mama akampimia vikombe viwili vya kujaa kwa kikombe cha maji cha pale pale ofisini, akapokea 15,000, akaifunga kwenye pindo la kanga. Halafu akanigeukia akasema, "Haya dada, mi nakwenda." Dada! Mimi kitinda mimba wake.

Jioni naona meseji, katuma 15,000 na ya kutolea juu. Nikampigia, akasema hiyo hela yako, korosho nilikuletea wewe. Basi. Hakunigombeza. Angenitukana ningelia yakaisha, sasa huku kunyamaza ndo kunaniua.

Kaka anasema najikana, eti naigiza maisha. Yeye anajua nini? Nilienda bweni nina miaka 13, nikasimamishwa kusoma mbele ya darasa nikasema "ntoto", wakacheka mpaka mwalimu akacheka, jina langu likawa Nchumali mpaka form four. Usiku nilikuwa nafanya mazoezi ndani ya shuka, mtu, mtoto, mchuzi. Leo hata uniamshe usingizini nasema mtu. Sasa hiyo ni kuigiza? Sawa, ofisini wakitania Wamakonde wanakula panya nami nacheka, tena nacheka kuliko wote, lakini utani si utani tu, mbona Wachaga wanataniwa hela kila siku... ingawa wao hawajifichi.

Watu wanasema kuwa wewe, kuwa wewe. Wewe yupi? Siku hizi nikiongea Kimakonde na mama natafuta maneno, najiona na huko naigiza. Huku bandia na kule bandia.

Halafu alivyoniambia "dada", Anti, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama vile anauza korosho miaka yote.

Sendofu yangu ni mwezi ujao. Mama anasema haji, msimu wa korosho umeanza. Uongo, mikorosho yetu haifiki hata 30 na binamu zangu wapo. Aliposema haji nilishusha pumzi, Mungu anisamehe, halafu nikajifungia chooni nikalia. Nataka aje. Ila akija, yule mwenzangu aliyenunua korosho yuko kwenye kamati, tena ndo mweka hazina, nitamwambia nini? Na mchumba wangu anamjua mama kwa sauti ya simu tu.

Juzi nimemtumia mama nauli kwa nguvu, nikaitoa benki makusudi ili ile hela yake nisiiguse. Mpaka leo imo kwenye simu, na ya kutolea yake. Nimrudishie? Au nikimrudishia ndo nitakuwa nimemlipa kweli kama muuza korosho?